Uso Juu ya Mpando wa Fisi

Siku Freij alipotajwa kuwa mkuu wa safari, Atwa alikuwa amevaa kilemba kipya. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angekuja na kile cha zamani, kilichochanika pembeni, watu wangedhani amepita tu kunywa chai. Lakini alikuja na cheupe, kimepigwa pasi, ndevu kazichonga, nguo zinanukia udi kama bwana harusi, na kila mtu pale barazani aliona na akajua amejiandalia nini.

Walikuwa wamekaa kwenye baraza ya wageni ya Haji Mubarak, kwenye mazulia ya manyoya ya mbuzi, moto katikati na birika mbili juu yake. Haji Mubarak ndiye mkubwa wa ukoo: mfupi, mkali, sikio la kushoto halisikii, na hakuna alichokichukia duniani kama kukatizwa chai yake. Nyuma ya pazia walikaa wanawake, wakisikiliza kila neno na kuongezea yao. Mbele ya moto mchanga ulikuwa umesawazishwa kwa kiganja na juu yake ikachorwa nchi yao yote, Sinai ya kusini: mawe ndiyo milima, mistari ndiyo mabonde, na kila penye maji pamewekwa kokwa ya tende.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Bi Nirmin, mwanamke wa Kairo aliyezoea kuuletea ukoo watu wa mjini wa kutembezwa milimani, mwaka huu alitaka kuleta kundi zima livuke jangwa kwa miguu, kutoka vilele vya juu hadi Ghuba ya Akaba. Patahitajika ngamia, wapishi, waangalizi wa maji, wapakiaji. Baada ya miaka ya ukame na ya wageni kuadimika, ukoo mzima ulikuwa unaitolea macho safari hiyo. Na juu ya wote patakuwa na mkuu mmoja, wa kusema leo tunalala hapa, kesho tunaondoka saa fulani, na jina lake ndilo litakalotajwa huko Kairo wageni wakirudi makwao.

Sasa mkuu huyo awe nani kama si Atwa? Babu yake ndiye aliyeufungua Mpando wa Fisi, njia pekee ya ngamia ya kuvukia mlima kwenda mabonde ya mashariki. Aliujenga kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe. Na Freij ni nani? Mtoto wa shangazi yake, basi! Aliyemfundisha Freij kutafuta maji chini ya mchanga ni Atwa. Aliyemfundisha kufunga mzigo usimchubue ngamia ni Atwa. Hata mkate wa majivuni alifundishwa na Atwa, na mikate yake ya mwanzo mbwa walikuwa wakiinusa na kuondoka.

"Wageni wangu wengi wamemwomba Bwana Freij," Bi Nirmin alisema, kwa adabu yake yote. "Waliotembea naye wamewasimulia wenzao. Wanasema anawachekesha mpaka mtu anasahau malengelenge."

"Freij?" Haji Mubarak aliuliza, akigeuza sikio zima. "Haya. Freij basi. Nipeni sukari."

Yakaisha hapo! Hakuna aliyesema ngoja kwanza. Hakuna aliyemtazama Atwa, na kule kutomtazama ndiko kulikomwonyesha kwamba jambo hili lilishasemwa na kukubaliwa kabla yeye hajafunga hicho kilemba.

"Mimi? Na Atwa yupo?" alisema Freij, na uso wake mpana ukaonyesha haya ya kweli. Alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi, mwenye mke na watoto sita, na hakuwa na hila hata chembe. Laiti angekuwa nayo! Mtu mwenye hila unaweza kumchukia ukapumzika. Kisha, akitaka kumshirikisha mwenzake asijione ametupwa, akainama juu ya mchanga na kuuliza, "Binamu, hebu tusaidie. Hapa chini ya Mpando wa Fisi, maji yako kushoto au kulia? Mimi kila siku nasahau."

Watu wakacheka, na Bi Nirmin naye akacheka. Mtu hajui maji yaliko, na ndiye mkuu wa safari, na wanacheka!

Atwa aliweka kikombe chini. Alisimama. Mguu wake ulikanyaga milima miwili ya mchangani.

"Watu wote mshuhudie," alisema. "Mpando wa Fisi ni wa babu yangu, na nina madai juu yake. Nimeutupa uso wa Haji Mubarak juu ya Mpando wa Fisi! Asipite mtu, asipite mnyama, mpaka tuhukumiwe."

Baraza lote lilinyamaza. Uso wa mtu mzima ukishatupwa juu ya kitu, kitu hicho hakiguswi tena, si na adui wala rafiki, mpaka mwamuzi wa kabila atoe hukumu, au aliyeutupa auinue mwenyewe mbele ya watu. Atakayethubutu kupita atakuwa amemkata uso mwenye uso, na hilo hulipwa kwa ngamia, na aibu yake hurithiwa na wajukuu. Mwamuzi mwenyewe alikuwa amekwenda kutibiwa mjini, na hakuna aliyejua atarudi lini. Atwa alilijua hilo vizuri sana.

"Uso wangu!" Haji Mubarak alifoka, chai ikamwagikia gotini. "Ebo! Umeniuliza? Uso wangu mimi, na chai sijamaliza!"

"Nimeshautupa, Haji."

"Nimesikia, mimi si kiziwi!" Alimtazama kwa hasira, lakini angefanyaje? Uso ukishatupwa, mwenye uso hana budi kuulinda. "Haya. Umetupwa. Hakuna atakayepita. Mjinga mkubwa wewe."

"Samahani," Bi Nirmin aliuliza, akiwageukia wanawake, "amefanya nini?"

"Ametia kufuli, mwanangu," alijibu Bibi Fidha, mke wa Haji, kutoka nyuma ya pazia, na ulimi wake ulikuwa unaogopwa kuliko wa mumewe. "Ila ufunguo kaumeza mwenyewe."

Atwa alitoka bila kuaga. Moyoni alikuwa anacheka. Sasa wapange! Wapange hiyo safari yao bila Mpando wa Fisi! Watakuja nyumbani kwake mmoja mmoja, watakunywa chai yake, watamwambia Atwa tafadhali, Atwa wewe ndiwe mwenye njia, na Freij atakaa mwisho kabisa, karibu na viatu.

*

Mkewe, Sabha, alikuwa miongoni mwa wanawake nyuma ya pazia. Alirudi nyumbani mbele ya mumewe, kwa hatua za mtu aliyekasirika, na Atwa alipofika alimkuta anakusanya kamba.

"Umesikia?" Atwa aliuliza, akikaa na kulegeza kilemba. "Wamenyamaza wote! Ungeona uso wa Freij."

"Niliusikia. Alikuwa anataka kulia."

"Na alie."

"Mwana wa ami," Sabha alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, baba zao wakiwa ndugu, "ukoo wote ulikuwa unaitegemea safari hii. Kina Freij, kina Haji, hata sisi. Umeifunga njia kwa sababu mtu mwingine ametajwa jina?"

"Nimeifunga kwa sababu ni yangu!"

"Ni yako, ndiyo. Na unaifanyia nini?" Aliweka kamba chini. "Nakujua mimi. Wewe kitu hukitaki mpaka mkono wa Freij ukielekee. Hata mimi ulinifungia hivyo hivyo."

Atwa alishituka kana kwamba amemwagiwa maji. Katika miaka yote ya ndoa yao, neno hilo halikuwahi kutamkwa. Zamani hizo Freij alikuwa amemtuma ami yake kwenda kumposa Sabha, na binti mwenyewe hakuwa amekataa. Atwa ndiye aliyesimama mbele ya wazee akasema: binti ami ni wangu, asimwoe mtu. Haki hiyo mwana wa ami anayo, hakuna wa kumpinga. Kisha akamwacha amekaa hivyo, haolewi na mwingine wala na yeye, misimu ya mvua ikipita, mpaka Freij alipooa kwingine. Hapo ndipo alipoleta mahari.

"Nilikuoa," alisema.

"Ulinioa, hukunitaka. Ulitaka asinichukue yeye." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Atwa. "Nikasema basi, ndiyo maisha, mwanaume mwenyewe si mbaya, hanipigi, hanitukani. Nikakuzalia mabinti, tukawaoza. Nikayasahau. Leo nimekaa nyuma ya pazia nikasikia maneno yaleyale, kwa sauti ileile: asipite mtu. Nikaona kumbe mimi na ule mlima ni kitu kimoja kwako."

"Maneno gani hayo, Sabha? Mke na mlima?"

"Nakwenda kwa kaka yangu."

Kaka yake, Ude, alikaa ng'ambo ya mlima, bonde la mashariki. Atwa aliangua kicheko, maana alidhani amempata. "Utapita wapi? Mpando umefungwa."

"Tulipokuwa tukipita sisi wasichana na mbuzi," alijibu Sabha. "Nyinyi wanaume hamkujui."

Ilikuwa kweli. Mwanaume mwenye heshima zake hapiti wasichana wanapochungia. Akisikia filimbi zao anageuza njia, akiona nyayo zao anajikohoza na kurudi. Ndiyo maana Atwa, aliyejigamba kwamba hakuna jiwe asilolijua, ubavu mzima wa mlima ule hakuwahi kuukanyaga. Asubuhi Sabha alitangulia na mbuzi wake, akazunguka mwamba, kengele zikasikika kidogo kisha hazikusikika tena. Atwa alijifanya yuko kwenye shughuli ya kurekebisha tandiko la ngamia.

*

Mume aliyekimbiwa na mkewe hujua la kufanya. Mke akienda kwa ndugu zake kwa hasira, mume humfuata baada ya siku chache, na zawadi mkononi na mtu mzima wa kumwombea. Anakaa, anasemwa, anainamisha kichwa, anarudi na mkewe. Lisilo la kawaida ni mume kukaa nyumbani. Mume akikaa nyumbani, maana yake hamtaki.

Na Atwa alikaa. Angefanyaje? Mpando wa Fisi ulikuwa umefungwa, tena na yeye. Kulikuwa na njia ya kuzunguka, Bonde la Ghubari, refu, kavu, lisilo na tone la maji. Lakini ili kulifikia ilibidi apite mbele ya nyumba zote za ukoo akiwa juu ya ngamia wake, na kila mlango ungekuwa na mtu wa kumuuliza: Vipi Atwa, unazunguka? Kufuli lako limekushinda? Heri kufa.

Akangoja waje kumbembeleza. Alichemsha chai ya watu wengi, akaweka vikombe. Hakuja mtu. Siku nyingine akachemsha tena. Alioka mkate ukaungua upande mmoja, akaula hivyo hivyo, akimlaani Freij kwa kila tonge, ingawa Freij hakuwa hata karibu na moto ule.

Aliyekuja mwishowe ni Bibi Fidha, akiwa amefunga mbuzi kwa kamba, na alisimama mlangoni bila kuingia.

"Salaam aleikum, mwenye njia."

"Waaleikum salaam, bibi. Karibu chai."

"Chai yako nitainywa mkeo akirudi. Nimekuja kukuletea habari, nisije nikaambiwa nakuficha." Alikuwa anaifurahia habari yake, ilionekana machoni pake. "Freij na yule binti wa Kairo walikwenda kulijaribu Bonde la Ghubari, wakaone kama kundi linaweza kuzunguka huko."

"Haliwezi," Atwa alisema haraka. "Watakauka kama dagaa."

"Ndivyo walivyosema. Midomo imewapasuka. Lakini walifika ng'ambo, wakapokewa na Ude. Kachinja. Wamekaa pale siku zao tatu za ugeni, wamekula, wamenywa."

Atwa akasogea mlangoni. "Kwa Ude?"

"Kwa nani mwingine? Na mkate wanausifu huo, usiambiwe! Nasikia Freij hajawahi kula mkate kama ule." Alivuta kamba, mbuzi akaanza kutembea. "Haya, mie naenda."

Ni nani angeoka mkate nyumbani kwa Ude? Ude ni mjane. Mwanamke aliyekuwepo pale ni mmoja tu. Atwa alikaa chini pale pale mlangoni. Alimwona Freij ameegemea mto, anasimulia visa vyake, watu wanashika mbavu. Alimwona Sabha anaupangusa mkate majivu, anaukata, na kumsogezea Freij kipande cha katikati, kile laini, ambacho kwa miaka yote kilikuwa cha Atwa. Alimwona anacheka. Sabha akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya shela. Atwa alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomchekesha yeye, akakosa.

Ah, wivu una akili zake! Ulimwonyesha hata ambayo hayakuwepo. Ulimwonyesha Ude akimwambia Freij laiti ungekuwa shemeji yangu wewe. Ulimwonyesha Sabha akiteremsha macho. Na yeye ndiye aliyewapeleka huko! Bila uso ule, Freij angepita Mpando wa Fisi na kundi lake kwa siku moja tu, angenywa maji na kuendelea na safari. Yeye ndiye aliyemzungusha jangwani mpaka akamfikisha mlangoni kwa Sabha, ana kiu, ana njaa, wa kuhurumiwa.

Alimtandika ngamia. Hakufikiri. Alifika chini ya Mpando wa Fisi jua likiwa utosini, na hapakuwa na mtu, si mchungaji, si msafiri. Njia ilipanda mbele yake, ngazi za mawe za babu yake, na ngamia aliyeizoea akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza bila kuambiwa.

Nani angejua? Angepita, angefika kwa Ude jua likizama, angemchukua mkewe. Nyayo angezifuta. Lakini yeye angejua. Angekuwa amemkata uso Haji Mubarak, mzee aliyekuwa rafiki wa baba yake, mzee ambaye tangu siku ile anakunywa chai yake kwa hasira na bado anaulinda uso ule kwa ajili ya mjinga mmoja. Atwa alivuta hatamu. Ngamia aligoma, akalalamika kwa sauti, akataka kupanda. Wakavutana pale, mtu na mnyama, mpaka Atwa akaanza kulia, machozi ya hasira, akimtukana ngamia matusi yote aliyoyajua. Kisha akamgeuza.

*

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja barazani, na kile kilemba cha zamani kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Watu walikuwepo. Freij alikuwepo, midomo imepasuka kweli, na Bi Nirmin pembeni yake, pua inambambuka kwa jua. Mchanga ulikuwa umesawazishwa upya. Mawe ya milima yalirudishwa mahali pake, lakini mstari wa safari haukupita tena Mpando wa Fisi. Ulikunja mbali na hapo, ukazunguka ubavu wa mlima, na juu yake palikuwa na kokwa za tende ambazo Atwa hakuzijua. Moja, mbili, tatu. Maji, mahali ambapo maisha yake yote aliamini ni mawe matupu.

"Hii ni nini?" aliuliza, salamu ikimtoka baadaye.

"Njia ya wasichana," alisema Freij. "Kina mama wameturuhusu. Tumekuja nayo kutoka kwa Ude. Binamu, kuna chemchemi kule, ukiiona! Na kivuli mchana kutwa. Ngamia tu ndio hawapandi."

"Ulikula mkate kwa Ude?"

Watu wakatazamana. Freij akamtazama kwanza bila kuelewa, kisha akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa watoto Atwa alimwona amekasirika.

"Nilikula. Umenipitisha Ghubari hadi ulimi ukanata, nikafika kwa watu wananipa mkate, nikatae? Nina watoto sita, Atwa, na mgongo huu nikiinama siinuki. Unaniogopea nini? Mimi yaliyopita niliyaacha. Ni wewe unayatunza."

"Usimpigie mtu kelele karibu na chai yangu," alisema Haji Mubarak. "Na wewe uliyesimama kama mlingoti, umekuja kutupa uso wa nani leo? Umebaki wa mbuzi tu."

Watu walicheka. Atwa alingoja wamalize. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Watu wote mshuhudie. Nilitupa uso wa Haji Mubarak juu ya Mpando wa Fisi. Nauinua. Mungu auweke uso wake mweupe. Sina madai."

Alikuwa ameiwaza sana saa hii, siku zile anachemsha chai ya watu wengi. Aliwaza watakavyoshusha pumzi, watakavyomshukuru, mtu atakavyosema basi Atwa ndiye atuongoze. Hakuna aliyeshusha pumzi. Freij alikuna kidevu akautazama mchanga.

"Vizuri," alisema. "Basi ngamia wa unga wapite huko, watawahi."

Ndiyo hivyo. Mpando wa babu yake, njia ya magunia.

"Hujasema," alisema Haji Mubarak, macho yakimkazia. "Njia ilikuwa imefungwa siku zote hizi, na wewe ukatulia. Leo kimekukuta nini? Unataka kupita uende wapi?"

Alikuwa na majibu. Angeweza kusema kwa faida ya ukoo, kwa ajili ya wageni, na wangemkubalia, na heshima ingebaki kidogo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema hivyo.

"Kwa mke wangu," alisema.

Hakuna mwanaume anayesema neno kama hilo barazani. Vijana waliinamisha macho. Bi Nirmin alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Mkeo yuko hapa," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Anapanga safari. Kaa chini, mwana wa ami, unatukatiza."

Ilikuwa sauti ya Sabha. Nyuma ya pazia wakacheka kama kuku waliotupiwa mtama, Bibi Fidha juu ya wote. Atwa alibaki amesimama. Kumbe amekuja pamoja na kina Freij, kwa njia yake, amepita karibu na nyumba yao na hakuingia! Na anapanga: kwa hiyo ni yeye atakayetembea mbele ya kundi kwenye njia hiyo, ndiye atakayesema leo tunalala hapa. Jina litakalotajwa Kairo ni lake. Atwa alitafuta hasira, akaikuta ipo, lakini chini yake palikuwa na hofu tupu.

"Binti ami," alisema kwenye pazia, mbele ya watu wote, maana aibu ilikuwa imeshamwagika na haizoleki, "safari ikiisha, utarudi?"

Vicheko vilikatika. Haji Mubarak aliweka kikombe chini bila kukimaliza.

"Tukishawafikisha wageni baharini nitarudi na mbuzi kwa njia yako," alisema Sabha. "Mpando umefunguka, nitaupanda. Nikifika juu nitashuka upande wako, au nitageuza nirudi kwa Ude, hilo sijaamua. Na hakuna wa kuniamulia safari hii."

Freij alisogea kwenye zulia akamwachia nafasi, na Atwa akakaa.

"Haya tuendelee," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Ile kokwa ya pili iko juu mno. Shusha. Shusha tena, Freij, hapo penye mwamba. Hapo."

Kidole kinene cha Freij kilisukuma kokwa mchangani kama kilivyoamriwa na sauti ya Sabha. Atwa alikitazama kidole kile na wivu ukampanda upya, mkali uleule, na hakuwa na cha kufanya nao. Akapewa chai. Aliishika hadi ikapoa, akimsikiliza mkewe akitaja majina ya mahali asipopajua.